Ukitaka kumjua Jia Zhangke, fuata miaka

Wengi wetu sinema ya China tumeijua kwa ngumi na mateke, tena na sauti ya mtafsiri juu yake ndani ya kibanda cha video. Nimekulia humo na bado naipenda. Ila kwa miaka mingi sasa, mwongozaji wa Kichina ninayemrudia kuliko wote ni Jia Zhangke, na kila nikimtaja mtu huniuliza aanzie wapi. Jibu langu ni hili: anza na filamu yake ndefu ya kwanza, kisha zifuate kwa mwaka. Usikimbilie ile iliyoshinda tuzo kubwa.

Nina sababu. Jia alizaliwa mwaka 1970 huko Fenyang, mji mdogo wa jimbo la Shanxi, kaskazini mwa China, kwenye makaa ya mawe. Akiwa kijana mjini Taiyuan aliona filamu ya Yellow Earth ya mwongozaji Chen Kaige, ndipo alipoamua naye awe mwongozaji. Mwaka 1993 akaingia Chuo cha Filamu cha Beijing, na alipopata nafasi ya kutengeneza filamu ndefu, alirudi kwao Fenyang kuipiga. Tangu hapo amekuwa akiwafuata watu walewale huku nchi ikigeuka chini ya miguu yao. Zhao Tao, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, alikuwa mwalimu wa dansi alipomchukua kwa ajili ya Platform (2000), na ameonekana katika karibu filamu zake zote ndefu zilizofuata. Ukizitazama ovyo ovyo, unamwona mwigizaji. Ukizifuata kwa mwaka, unamwona mwanamke akiingia utu uzima.

Basi anza na Xiao Wu, ya mwaka 1997. Waigizaji wake si watu wa fani. Wang Hongwei, anayecheza Xiao Wu, alisoma chuo kimoja na Jia. Xiao Wu ni kibaka anayechomoa watu mifukoni. Rafiki yake wa zamani, waliyekuwa wakiiba pamoja, sasa ni mfanyabiashara wa heshima, anaoa, na hakumwalika. Usisubiri kisasi, hakipo. Vaa spika za masikioni, maana nusu ya filamu iko kwenye sauti: vipaza sauti vya barabarani vinatangaza usiku na mchana msako dhidi ya wahalifu, na Xiao Wu anatembea katikati yake kana kwamba anatangazwa mtu mwingine. Mwishoni polisi anamfunga pingu barabarani na kumwacha hapo kwa muda. Watu wanajaa kumtazama, na hao ni wapita njia wa kweli waliosimama kushangaa. Nami nilijikuta nimesimama nao.

Platform inataka siku ya mapumziko. Ina zaidi ya saa mbili na nusu, na nakushauri usiikate vipande. Inafuata kikundi cha sanaa cha Fenyang kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, wakiimba sifa za Mao, hadi wanapogeuka kuwa bendi inayozunguka vijijini ikitafuta riziki. Hakuna anayekutajia mwaka umebadilika. Angalia suruali zilizopanuka chini, angalia msichana anapotia nywele mawimbi saluni, sikiliza nyimbo. Ukishazoea kuisoma hivyo, filamu zake nyingine zote zitakufungukia.

Unknown Pleasures (2002) ilipigwa kwa kamera ndogo ya kidijitali huko Datong, mji mwingine wa Shanxi. Ina tukio ambalo mtu aliyeruka ngazi hawezi kulifaidi: Xiao Wu anatokea tena, anamwuliza kijana anayeuza DVD za kunakiliwa kama anayo filamu ya Xiao Wu, kama anayo Platform. Filamu zote hizo zilitengenezwa bila kibali cha serikali, na Wachina wengi waliziona kupitia nakala kama hizo. The World (2004) ndiyo ya kwanza kupata kibali.

Halafu ndipo ufike Still Life, iliyopata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2006. Kwangu hii ndiyo kilele chake, na hakuna aliyoitengeneza baadaye iliyoifikia. Mchimba makaa kutoka Shanxi anakwenda Fengjie, kando ya mto Yangtze, kumtafuta mkewe waliyepotezana kwa miaka 16. Anayemwigiza ni Han Sanming, binamu yake Jia, na kazi yake kweli ilikuwa kuchimba makaa. Anwani aliyokuja nayo imeshamezwa na maji ya bwawa la Three Gorges. Mji wenye historia ya miaka 2,000 unabomolewa kwa nyundo mbele ya kamera, na wabomoaji si wa kuigiza. Kuna mahali wafanyakazi wanatoa noti mifukoni kuonyeshana picha za kwao: huyu ana korongo la Yangtze kwenye noti ya yuan 10, Sanming ana maporomoko ya Mto Manjano kwenye ya 50. Naomba usimamishe picha hapo uitazame vizuri.

A Touch of Sin (2013) itamfaa zaidi mtu anayetaka visa na mshindo. Ilipata tuzo ya mswada bora wa filamu kwenye tamasha la Cannes, na visa vyake vinne vimetokana na habari za kweli. Ina damu nyingi, kwa hiyo watoto wasiwepo sebuleni.

Caught by the Tides (2024) iache mwisho kabisa, hata kama ndiyo utakayoipata kwanza. Jia aliiunga kwa picha alizokuwa akizikusanya tangu mwaka 2001, kisha akaongeza mpya. Zhao Tao hasemi karibu neno lolote, na hahitaji kusema, ikiwa wewe umeshapita naye Datong na Fengjie.