Maswali ya Wasomaji: "Wanawake na wanyamaze"

SWALI: Salaam, Mwalimu. Naongoza kikundi cha akina mama kanisani kwetu Likoni. Mzee mmoja wa kanisa ametusomea 1 Wakorintho 14:34 na kusema hakuna mama atakayetoa ushuhuda tena Jumapili. Tumjibu vipi bila kumvunjia heshima?

JIBU: Mama, msibishane juu ya mstari mmoja. Mwombeni mzee mketi pamoja, msome kwa sauti kuanzia sura ya 11 hadi mwisho wa sura ya 14. Ni mistari 118, kama dakika ishirini hivi. Makosa mengi kwenye somo hili huanzia pale mstari unaponyofolewa peke yake.

Mkifika 11:5, tueni. Paulo anaagiza mwanamke anaposali au kutoa unabii afunike kichwa. Hamkatazi kusali wala kutoa unabii. Anampangia namna ya kufanya hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo 14:34 haiwezi kumaanisha mwanamke asifungue kinywa kabisa, la sivyo Paulo atakuwa amejipinga mwenyewe ndani ya barua moja.

Sasa sura ya 14. Wekeni alama kila penye agizo la kunyamaza, mtayakuta matatu. Mstari wa 28: anayenena kwa lugha anyamaze ikiwa hakuna wa kufasiri. Mstari wa 30: nabii anyamaze mwingine akifunuliwa neno. Kisha wanawake, mstari wa 34. Wale wawili wa kwanza hakuna kanisa linalowafunga mdomo maisha. Tunaelewa kwamba wanyamaze kwa wakati fulani, kwa sababu fulani. Sababu ya wanawake imo katika mstari wa 35: wakitaka kujifunza neno, wawaulize waume zao nyumbani. Kwa maoni yangu, kilichozuiwa ni maswali yaliyokatiza ibada, hasa wakati unabii ulipokuwa ukipimwa (mstari wa 29). Ushuhuda uliopangwa katika ratiba si jambo hilo.

Mtasikia pia hoja kwamba mistari ya 34 na 35 iliongezwa baadaye. Ina msingi: katika nakala chache za kale, mojawapo ile ya karne ya 6 iitwayo Codex Claromontanus, mistari hiyo imewekwa baada ya mstari wa 40. Lakini kila nakala inayojulikana yenye sura hii inayo, mahali hapa au pale. Msiitegemee hoja hiyo. Mzee atawaambia mnakata Maandiko, na mazungumzo yatafungwa hapo.

Akihamia 1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha", mrudisheni 1:3. Timotheo aliachwa Efeso kuwazuia watu waliofundisha elimu nyingine. Na Efeso huohuo, katika Matendo 18:24-26, Prisila pamoja na mumewe Akila walimweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mzee anaweza kusema walimchukua kando, haikuwa mbele ya kusanyiko. Ni kweli, mkubalieni. Hata hivyo aliyefundishwa alikuwa mwanamume, tena mhubiri hodari, wala hakuna aliyemlaumu Prisila. Someni pia 1 Timotheo 2:11, ambao watu huuruka: mwanamke *na ajifunze*.

Tahadhari moja. Msichanganye ushuhuda na upadrisho. Suala la nani awekewe mikono kila kanisa limeliamua kwa katiba yake. Mkiliingiza hapa, mzee atalijibu hilo na kuacha lenu. Kamwoneni kwanza faraghani, mama wawili au watatu, kabla jambo halijafika kikao cha wazee.

SWALI: Mimi ni Mkatoliki wa Mikindani. Je, mstari huohuo unanizuia kusoma somo la kwanza kwenye Misa?

JIBU: Haukuzuii, dada. Kanuni ya 230 ya Sheria za Kanisa za 1983 iliwaruhusu walei, wake kwa waume, kusoma kwa kupangiwa zamu. Januari 2021 Papa Fransisko aliibadilisha ili wanawake nao wakabidhiwe huduma hiyo rasmi na kwa kudumu. Mwone paroko wako akuingize katika mafunzo ya wasomaji.