Mkabidhi Kijana Kazi Pamoja na Sababu Zake: Ushauri kwa Mafundi wa Land Rover za Zamani

Hapa Arusha bado zipo Land Rover za Series II, IIA na III, yaani zilizoundwa kati ya mwaka 1958 na 1985, na baadhi yake zinaendelea kubeba mahindi, maji na watu kila siku. Wanaopungua ni mafundi wanaozijua kwa undani. Kijana anayeingia gereji leo hukutana zaidi na magari ya Kijapani yenye kompyuta, ambayo husomwa kwa mashine, na kazi hiyo anaimudu vizuri. Lakini ukimwekea mbele kabureta ya Zenith, inayochanganya petroli na hewa, au distributa inayogawa cheche za injini kwa pointi, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, mara nyingi hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka fedha ya mwenye gari inakwisha na tatizo bado lipo. Nimeifanya kazi hii tangu ujana wangu na nimelea vijana katika gereji yangu, kwa hiyo nawaandikia mafundi wenzangu wa rika langu, na pia wenye magari, kwani nao wana wajibu wao katika jambo hili.

Sisi tulijifunza kwa kutazama. Spana boi, yaani mwanafunzi wa gereji, aliosha vyuma kwa dizeli, akashika taa, akaleta spana, na fundi mkuu alipofika mahali pagumu alimtuma akanunue chai. Sababu yake naielewa, kwa kuwa siri ya kazi ndiyo iliyokuwa mtaji wa fundi, na aliogopa kumwona mwanafunzi wake akifungua gereji upande wa pili wa barabara na kuondoka na wateja. Hofu hiyo sasa haina msingi, maana magari haya yamewazidi mafundi kwa idadi. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba umkabidhi kijana kazi nzima, tangu kuikagua mpaka kuikamilisha, na umpe sababu ya kila hatua wakati huohuo mikono yake ikiwa kwenye chuma.

Mimi huanza na tapeti, vile vifaa vinavyosukumwa na kamu (shafti yenye nundu) ili kufungua valvu, kwa sababu zinamfundisha kijana kuhesabu na kuhisi kwa pamoja. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina valvu nane, yaani milango midogo ya kuingiza hewa yenye petroli na kutoa moshi, na nafasi inayotakiwa kati ya tapeti na valvu yake ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Zihesabu valvu kuanzia mbele, kisha uizungushe injini kwa mkono mpaka valvu ya nane iwe imefunguka kabisa, na hapo ndipo unapoipima ya kwanza. Ya sita ikifunguka unaipima ya tatu, ya nne ikifunguka unaipima ya tano, na kila mara namba hizo mbili zikijumlishwa lazima zilete tisa. Kijana yeyote anaikariri kanuni hiyo kwa asubuhi moja, ila mimi simruhusu kuendelea mpaka aniambie kwa nini inakuwa tisa. Kijana mmoja alikaa kimya juu ya injini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, kumbe silinda ya kwanza na ya nne zinapanda pamoja, ila moja inavuta wakati nyingine inalipua, kwa hiyo valvu hii ikisukumwa mpaka mwisho, mwenzake amelalia mgongo wa kamu." Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumsimamia kwenye tapeti.

Kuhisi nako kunafundishwa. Mpe zile bapa nyembamba za chuma za kupimia, apitishe ile ya 0.010 mpaka aijue ile hali ya kukwama kidogo bila kung'ang'ania, halafu ajaribu ya 0.012 ili ajue namna inavyokataa. Hapa pia ndipo pa kumweleza habari ya petroli. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi hiyo ilikuwa inalinda viti vya valvu, yaani mahali valvu inapokalia ikifunga. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006. Injini ambayo haijawekewa viti vigumu hula viti vyake kidogo kidogo, valvu inazama, nafasi ya tapeti inapungua, na mwishowe valvu haifungi sawasawa na inaungua. Kijana asiyeelezwa hilo husikia injini imetulia, haina mlio wa tapeti, akadhani ni nzima, kumbe ukimya huo ndio dalili ya kwanza.

Kwa upande wa umeme yapo mambo mawili yasiyopaswa kusahaulika. La kwanza ni kwamba nafasi ya pointi, inchi 0.014 hadi 0.016, inapungua kadiri kisigino chake kinavyosagwa na kamu, na taimingi, yaani wakati wa kutoka kwa cheche, inachelewa pamoja nayo. Ndiyo maana gari linakosa nguvu hata kama plagi ni mpya. La pili ni kwamba Land Rover za kabla ya mwaka 1967 kwa kawaida zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, na kijana akiunganisha oltaneta (kifaa cha kuchaji betri) au redio kwa mazoea ya magari ya leo, yanayofungwa upande wa hasi, ataiunguza mara moja.

Bodi ni somo lenye uzito wake, na kwa maoni yangu ndilo liko hatarini zaidi kupotea. Bodi hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu ukiigonga sana inakuwa ngumu halafu inapasuka. Lazima uilainishe kwa moto, lakini haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Wazee walitumia sabuni: unapaka sabuni ya mche mahali palipokunjamana, unapasha moto taratibu ukiusogeza mwali bila kuutuliza sehemu moja, na sabuni ikigeuka rangi ya kahawa iliyokolea unaondoa moto mara moja na kuacha pakapoa. Baada ya hapo nyundo ya mbao inanyoosha bila kupasua. Mwache kijana afanye hivyo kwanza kwenye kipande cha mlango uliokufa, mara nyingi, na akitoboa atoboe hapo.

Vivyo hivyo, tafuteni injini mbovu isiyo ya mteja yeyote, hata kama mafundi wawili au watatu mtachangia kuinunua, ili kijana aifungue na kuifunga bila haraka ya mwenye gari anayesubiri nje. Nanyi wenye magari, fundi akiwaomba kijana afanye kazi yenu chini ya usimamizi wake, kubalini na mvumilie saa zitakazoongezeka, kwa sababu miaka kumi ijayo huyo ndiye mtakayemtafuta.

Vipimo vyote viandikwe. Vitabu vya gari hizi viko kwa Kiingereza, hivyo kaa na kijana mvisome pamoja, naye aandike daftari lake kwa Kiswahili cha gereji. Aandike pia ni wapi spana za inchi zinahitajika, maana spana ya milimita inayokaribia kuenea ndiyo inayoviringa vichwa vya bolti.

Mwisho ni suala la malipo, ambalo wengi wetu tunalikwepa. Kijana anayefunga injini nzima hawezi kulipwa nauli na chakula cha mchana tu. Mpe sehemu ya fedha ya kazi aliyoifanya, na mweleze hesabu yake mbele ya daftari. Tena VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya vyuo. Wengi hawaufuatilii kwa sababu hawajui waanzie wapi, kwa hiyo mpeleke mwenyewe, mkaulize tarehe na masharti, na ukiombwa uthibitisho wa kazi alizofanya katika gereji yako, umwandikie barua.