Kabla Hujaipigia Makofi Sheria Mpya

Kila muswada mpya ukitoka, watu huanza kubishana kama ni mzuri au mbaya. Mimi huuliza kitu kingine: haya mamlaka mnayoyaomba, mtayarudisha lini? Nimeambiwa mara nyingi kwamba swali hilo linakera. Na likere tu.

Nijieleze msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Ni wa kilibertari. Naamini mtu mzima ana haki ya kuendesha maisha yake na mali yake atakavyo, mradi hamdhuru mwenzake, na serikali ikitaka kumwingilia, yenye wajibu wa kujieleza ni serikali, si yeye. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika karibu hivyo hivyo mwaka 1859: kumtakia mtu mema hakutoshi kuwa sababu ya kumlazimisha. Wapo wanaodhani nataka nchi isiyo na polisi wala mahakama. Hapana. Mwizi akamatwe, mkataba ukivunjwa hakimu aamue. Ugomvi wangu unaanzia pale dola inapomaliza kazi hiyo kisha ikaanza kutafuta nyingine.

Basi, ukishika muswada, anza kuusoma kutoka nyuma. Kule mbele, kwenye madhumuni, kila muswada ni malaika: usalama, afya, maadili, watoto wetu. Mimi huruka hayo nikatafuta kifungu cha ukomo, kinachosema sheria hii itakufa lini isipohuishwa. Mara nyingi hakipo. Kisha natafuta mahali palipoandikwa "Waziri anaweza kutunga kanuni", halafu lile fungu la maneno linalopenda kujificha mwishoni mwa sentensi: "na mambo mengine yanayohusiana na hayo." Hayo mambo mengine ndiyo yatakayokukuta barabarani miaka kumi baadaye. Anayeisimamia sheria siku hiyo si yule mheshimiwa mpole aliyeitetea bungeni, ni mwingine kabisa. Kwa hiyo, unapokisoma kifungu, mweke akilini mwanasiasa unayemwogopa kuliko wote, umpe yeye ufunguo. Ukiona jasho linakutoka, kifungu hicho ni kibaya hata kikiwa mikononi mwa unayempenda.

Kuhusu ukomo, historia ya Uingereza inatosha kumfundisha mtu. Kodi ya mapato iliingia mwaka 1799 kugharamia vita dhidi ya Ufaransa, ikafutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena mwaka 1816 vita vilipokwisha. Mwaka 1842 Waziri Mkuu Robert Peel akairudisha kwa miaka mitatu tu. Ipo mpaka leo. Kinachochekesha ni kwamba kisheria bado ni ya muda: hufika ukingoni tarehe 5 Aprili kila mwaka, na kila mwaka Bunge huihuisha.

Vitambulisho vya taifa vya nchi hiyo hiyo vilikuwa na njia yake. Vilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vita. Vita vikaisha 1945, polisi wakaendelea kuvidai kama mazoea. Desemba 1950 dereva mmoja jijini London, Clarence Willcock, alisimamishwa kwa mwendo kasi, akadaiwa kitambulisho, akakataa kukionyesha. Kesi ikafika mahakama ya juu, na hapo alishindwa, kwa kuwa sheria ilikuwa bado hai. Lakini Jaji Mkuu Goddard aliwakosoa polisi waziwazi kwa kutumia sheria ya wakati wa vita katika mambo ya kila siku, na Februari 1952 vitambulisho vikafutwa. Naipenda kesi hii kwa sababu Willcock hakuwa na bunduki wala chama nyuma yake barabarani pale. Alikuwa na "sikubali" tu, na subira ya kwenda nayo mpaka mwisho.

Si lazima wote tuwe Willcock. Mimi mwenyewe si jasiri hivyo. Nilipokuwa nasajili shughuli yangu ndogo nilipewa fomu yenye kurasa nyingi, na katikati palikuwa na maswali ya dini yangu na kipato cha mwenzi wangu. Nikamuuliza karani, kwa upole kabisa: "Samahani dada, swali hili linatakiwa na sheria gani?" Akaitazama fomu kama anaiona kwa mara ya kwanza. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniambia, "Ngoja nimuulize bosi." Aliporudi alisema, "Hapo acha wazi tu." Muhuri ukagongwa.

Jaribu swali hilo. Usigombe, usipaze sauti, na usimchukulie karani kama adui. Yeye naye kapewa fomu tu. Ukionyeshwa sheria, jaza na uende zako, upange kuipinga mahali pake. Usipoonyeshwa, umejua kitu.

Wenzangu wengine huniona nakuza mambo: taarifa tu, zitakudhuru nini? Mwaka 1940 Wamarekani walihesabiwa kwenye sensa wakiwa na ahadi ya kisheria kwamba majibu yao ni siri. Mwaka 1942 sheria ya vita ikalegeza ahadi hiyo, na takwimu za sensa zikatumika kuonyesha mitaa waliyoishi watu wenye asili ya Japani. Watu wapatao 120,000, wengi wao raia, waliondolewa makwao wakafungiwa kambini. Serikali iliomba radhi rasmi mwaka 1988. Aliyejibu maswali ya sensa hakuwa mjinga. Sheria iliyomlinda ndiyo iliyobadilika akiwa ameshajibu.

Sasa, sehemu inayowashinda wengi, wakiwemo wanaojiita wapenda uhuru: kumtetea mtu usiyempenda. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Gazeti la wapinzani wako likifungiwa unacheka, mkutano wa dini isiyo yako ukizuiwa unasema walizidi. Mamlaka mapya karibu siku zote hujaribiwa kwanza kwa watu wasiopendwa, maana hapo hakuna wa kupiga kelele. Ukitaka kujua kama kweli unaamini uhuru, au unataka tu upande wako uachwe, angalia mara ya mwisho ulipomtetea mtu anayekuudhi.

Leseni nazo ziangalie kwa jicho hilo hilo. Jimbo la Missouri kule Marekani, mpaka mwaka 2018, lilimtaka msusi wa nywele asome saa 1,500 za masomo ya urembo ndipo aruhusiwe kusuka. Uliza nani ananufaika na ukuta huo. Mara nyingi ni waliokwisha kuingia ndani.

Kamati ya Bunge ikiita maoni ya wananchi kuhusu muswada, nenda, au andika. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja namba ya kifungu, sema neno gani lifutwe na liwekwe lipi mahali pake, kwa mfano baada ya "Waziri anaweza" liongezwe "kwa kibali cha mahakama". Hotuba kuhusu uhuru wamezizoea, huziweka kando. Marekebisho yaliyokwisha kuandikwa, mjumbe mvivu anaweza kuyanakili kama yalivyo, na wapo wanaofanya hivyo.