Maswali ya wasomaji: Bwana Msa ni nani, na kitabu kinachopukutika kinatibiwaje?

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Mimi na jirani yangu tunabishana tangu Idi. Yeye anashikilia kuwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani, ndiye mwandishi mwenyewe, Muhammed Said Abdulla, kwa kuwa herufi za mwanzo za majina yake ni MSA. Mimi nasema Msa ni Musa tu, kama tunavyoitana huku kwetu. Nani kapata? Na vitabu vyake vianzwe na kipi? *Msomaji, Pangani*

JIBU: Ndugu yetu, hapa hakuna aliyekosa. Herufi ziko pale pale jaladani, wala si rahisi kuamini kwamba mtu aliyehariri magazeti miaka ishirini hakuziona. Nawe una hoja: Msa ni jina la Pwani la kila siku, na ndiyo maana msomaji halishtukii.

Ila jirani akivuka hapo na kudai kuwa maisha ya Bwana Msa ni maisha ya Abdulla, mkatalie. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akakaa huko miaka kumi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo. Kwa hiyo alikuwa mtu wa afya na wa magazeti, si wa upelelezi. Kilichotoka katika maisha yake kikaingia vitabuni, kwa maoni yetu, ni jicho. Mkaguzi wa afya hupiga hodi nyumba za watu, akauliza, akatazama na kuandika alichokiona, si alichoambiwa. Mtazame Bwana Msa akiwa na kesi: hakimbilii bastola. Hukaa na kiko chake, akauliza jambo dogo ambalo kila mtu alilipita, na rafiki yake Najum anabaki kushangaa kwa niaba yetu sote.

Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Ndicho kilichoshinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo utakapouonja vizuri mvutano unaofanya hadithi zake ziwe tamu: watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anatafuta ushahidi. Kisha soma *Kisima cha Giningi* cha 1968. Baada ya hapo zitazame tarehe: *Duniani Kuna Watu* 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, mtu akiwa amekwisha kuachana na ajira! *Kosa la Bwana Msa* cha 1984 kiweke mwisho. Jina lile linamchoma zaidi msomaji aliyekwisha kumzoea mtu huyu kuwa hakosei.

Kama hukulelewa na Kiunguja, usisimame kwenye kila neno geni, maana utaua mwendo wa hadithi. Weka alama ya penseli pembeni, maliza sura, ndipo ufungue kamusi. Mazungumzo yasome kwa sauti. Mengi yanaeleweka sikioni kabla ya kueleweka machoni.

SWALI: Nimenunua riwaya kuukuu barabarani. Mgongo umeachia na karatasi zinapukutika. Nipige selotepu? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hapana! Selotepu hugeuka njano, hukakamaa, na ikibanduka huacha ulimbo unaokula maandishi. Gundi ya kukauka papo hapo nayo hufanya mgongo kuwa mgumu, ukifungua kitabu unakatika.

Kwanza hesabu kurasa. Riwaya za upelelezi hupoteza karatasi za mwisho kwa sababu ndizo zinazofunguliwa sana, na ni uchungu kumaliza kutengeneza kitabu kisicho na muuaji. (Ukiwa bado kwa muuzaji, tazama namba ya ukurasa wa mwisho na kama sentensi imefungwa. Macho yasipande juu, usije ukamjua muuaji.)

Kama zimetimia, bandua jalada taratibu na ukwangue gundi ya zamani iliyokauka. Zigonge karatasi mezani hadi migongo ikae sawa, kisha zibane kati ya vibao viwili, mgongo ukitokeza kama sentimita 2. Pinda karatasi upande mmoja zifunguke kama kipepeo, upake gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, kwa brashi. Zipinde upande wa pili, upake tena. Hivyo kila karatasi hupata gundi kidogo, kama milimita 1, pembeni mwake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapaka nyingi, inateremka ndani, na kurasa zinashikana.

Zinyooshe, sogeza vibao hadi usawa wa mgongo ukiwa umevifunika kwa nailoni visigande, kisha ulaze kipande cha shashi juu ya mgongo na upake mara ya mwisho. Acha usiku kucha. Asubuhi gundisha jalada mgongoni tu, ukiweke kitabu chini ya mzigo siku nzima kabla ya kukifungua.

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 hasomi ila Willy Gamba. Mwalimu wake anasema riwaya pendwa ni upotezaji wa muda. Nimzuie? *Mama, Morogoro*

JIBU: Mama, usimzuie, msindikize. Elvis Musiba (1942–2010) alimpeleka mpelelezi wake, huyo Willy Gamba, kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Hilo halikuwa pambo, kwani Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Kijana akifika *Kikosi cha Kisasi* (1979), mwekee ramani aione Kinshasa, na umuulize ni nani hasa aliyekuwa akipigana na nani. Lakini kisome wewe kwanza, maana mauaji na mapenzi yamo. *Dar es Salaam Usiku* cha Ben Mtobwa kisubiri akue. Ni kitabu kizuri cha watu wazima.

SWALI: Kila mara muuaji ananishangaza. Nifanyeje nimgundue mapema? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kitabu kikiwa na kurasa 120, simama ukurasa wa 90. Chukua karatasi, andika kila mhusika, alidai alikuwa wapi, na nani mwingine aliyethibitisha. Asiye na shahidi mzunguke kwa kalamu, kisha rudi sura ya kwanza ukamsome yeye peke yake. Kosa la kawaida ni kumfukuza yule mwenye sura mbaya. Mwandishi kamweka pale umfukuze. Mtazame yule mpole aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.