Unga wa kuzima sentrioli

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana kansa ya titi, wiki ijayo anaanza dawa za dripu. Jirani katuletea mkebe wa unga wa shilingi 180,000. Muuzaji anasema seli za kansa zimesahau kuhesabu sentrioli zao, na unga huo unazima PLK4, kimeng'enya kinachozitengeneza. Nimetafuta mtandaoni, PLK4 ipo kweli. Tumpe? (Msomaji, Arua)

JIBU: Marahaba. Msimpe.

PLK4 ipo, ndiyo. Na hicho ndicho kinachonichosha: siku hizi wauzaji hawa wanaokota neno moja la kweli, wanalifungulia duka.

Kwanza, seli haihesabu kitu. Sentrioli ni vijibomba vidogo mno ndani ya seli, vinavyoisaidia kugawanyika. Seli inapoanza kunakili DNA yake, kila sentrioli kuukuu hupata mtoto mmoja ubavuni. PLK4 huanza kwa kuizunguka sentrioli mama kama pete, kisha hujikusanya kwenye nukta moja tu, na hapo ndipo mtoto anapoota. Akishaota, amenata kwa mama yake, na mama mwenye mtoto mgongoni habebi wa pili. Mtoto hushushwa seli inapomaliza kugawanyika, na ruhusa ya kuzaa tena hutoka hapo. Hakuna daftari la hesabu. Seli za njia ya hewa, hizo zenye vinyweleo vya kusukuma makohozi, hutengeneza sentrioli mamia kwa mkupuo na si kansa.

Sasa huko "kuzima". PLK4 hujidhibiti yenyewe: ikifanya kazi hujibandika alama, na mitambo ya seli ikiiona alama hiyo huisaga. Ili ijibandike, lazima iwe inafanya kazi. Ukiizuia nusunusu, haijibandiki vya kutosha, haisagwi, inarundikana, na sentrioli zinaongezeka! Limeonekana maabara, kwa dawa halisi iliyopimwa kwa mizani. Je, kijiko cha chai cha unga usiojulikana umetoka wapi?

Tuseme basi unga una miujiza, umeizima kabisa. Mwaka 2015 watafiti walizinyima seli sentrioli kwa kemikali inayozuia PLK4. Seli za kawaida ziliacha kugawanyika, kwa sababu protini ya p53 ilizisimamisha. Seli nyingi za kansa ziliendelea. Yaani ungemfungia mlango mwenye nyumba, mwizi akabaki ndani. Dawa za kuzuia PLK4 zinajaribiwa kwa wagonjwa, kwa sababu kansa hazifanani na zipo zinazoumia zaidi zikinyimwa sentrioli. Lakini majaribio hayo yana daktari, vipimo vya damu na dozi inayojulikana.

Halafu muulize huyo bwana sentrioli za mdogo wako alizihesabu kwa kitu gani. Mimi ndiye ninayekaa kwenye hadubini. Slaidi ya kawaida tunaipaka zambarau na waridi. Kiini cha seli unakiona vizuri, lakini sentrioli, yenye upana wa kama robo ya elfu moja ya milimita, huioni. Inahitaji rangi maalum za utafiti. Ripoti ya mdogo wako haina mstari hata mmoja unaozitaja, nakuhakikishia bila kuisoma. Angalia badala yake palipoandikwa vipokezi vya homoni na HER2, protini ya juu ya seli inayoichochea kukua. Hapo ndipo daktari wake anapochagulia dawa.

Mwaka huu ni sentrioli. Kabla yake ilikuwa "kusafisha damu", kabla yake maji ya alkalini. Wanaofika kwangu wakiwa wamechelewa huwa na kopo kwenye mkoba, nusu limeliwa, na uvimbe ambao miezi minane nyuma ulikuwa kama punje ya maharagwe sasa umepasua ngozi. Kopo halina jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Lina namba ya simu tu.

Na dripu ikianza, ini lina kazi ya kutosha kuondoa dawa mwilini bila kuongezewa unga. Kama tayari ameulamba, hata kijiko kimoja, mwambie asifiche. Aende na mkebe wenyewe kliniki, auweke mezani kabla hajachomwa sindano.