Mwandishi wa kujitegemea mwenye mengi anayoyapenda: jibu kutoka Amu

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeishi kwa kuuza makala, huku akipenda kusafiri, kupiga picha, kuchonga na kuchezea programu za kompyuta, anapaswa kuacha hayo yote abaki na kalamu peke yake. Nimeishi hivyo hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa miaka tisa, na ninakusihi usiyaache.

Mwanzoni niliandika kuhusu mji wetu, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kama aandikavyo mpita njia: milango mizuri, vichochoro vyembamba, punda. Makala hizo zilirudishwa bila kununuliwa. Ndipo nilipomwomba fundi wa nakshi aniweke karakanani mwake, akanipa patasi na kipande cha mbambakofi, nami nikashinda asubuhi nzima nikichonga ua moja tu. Patasi iliponiponyoka ikakata mstari alioutia kwa penseli, hakusema neno; alipuliza unga wa mbao, akaugeuza ubao, nikaanza upya upande wa pili. Baada ya wiki tatu niliweza kuueleza mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana, kwa namna ambayo msomaji asiyewahi kufika Lamu angeuona. Makala hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa na jarida la nje.

Safari nazo si lazima ziwe za mbali. Matondoni, ambako majahazi yangali yanaundwa, nilikaa siku mbili nikitazama pamba ya kalafati, ya kuzuia maji, ikisokomezwa kati ya mbao, na picha nilizopiga zilinikumbusha mambo ambayo daftari lilikuwa limeyasahau.

Katika teknolojia, hapo ndipo uangalifu unapohitajika sana. Nikirudi kutoka Faza, kisiwani Pate, wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, wimbi liliingia botini likalowesha mkoba, na kompyuta ikafa na mahojiano ya siku nne ambayo sikuwa nimeyanakili popote. Kilichosalia ni daftari nililolifunga kwa karatasi ya nailoni, maandishi yake ya penseli yakisomeka yote. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli ninapokuwa baharini, na kila jioni nanakili kazi mara mbili: nakala moja huenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, nyingine kwenye flashi inayokaa kwa shangazi yangu. Programu ndogo niliyojifunza kuitunga huzipa picha na sauti majina kwa tarehe na mahali, na inaniokolea muda mwingi.

Kuhusu malipo, omba nusu kabla ya kuanza. Mteja mmoja alinilipa baada ya miezi mitano.

Saa zangu za kuandika ni baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne asubuhi. Karakana, kamera na programu hufuata baadaye, na utaratibu huo siuvunji hata ninapokuwa Malindi kwa wiki nzima.