Wasomaji Wanauliza: Huyu Bab May alikuwa nani?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi naishi London, nikienda kazini napita kichochoro kimoja karibu na Jermyn Street kimeandikwa Babmaes Street. Mwenzangu mmoja kanambia hilo ni jina la kuwadi wa mfalme. Ni kweli au porojo? Maana nimesikia pia alikuwa mbunge.
Mama Zuu, London

JIBU: Marahaba dada. Mwenyewe aliitwa Baptist May, Bab ni kifupisho tu, kazaliwa 1628, na baba yake Sir Humphrey May alishakula mkate wa ikulu kabla yake kwahiyo mlango anaujua. Ufalme wa Uingereza uliporudishwa 1660 mfalme Charles II akarejea kutoka uhamishoni, na 1665 akamkabidhi Bab mfuko wake binafsi, zile hela za mfalme za starehe na zawadi, jamaa akaushika mpaka mfalme anafariki 1685. Miaka 20 hiyo! Uwaziri hakuwahi kuuonja, yeye ilikuwa ni ukaribu tu. Chawa, kwa lugha ya siku hizi.

Hilo la ukuwadi mwenzako hajalitunga. Oktoba 1666 Bab aligombea ubunge Winchelsea, kule pwani ya Sussex, kaenda na mbwembwe zake na barua za Duke of York, mdogo wake mfalme, anajua kashapita. Watu wakamchagua bwana mmoja wa kawaida na wakapiga kelele kwamba hawataki kuwadi wa ikulu awe mbunge wao. Na walikuwa na hasira kweli, London imetoka kuungua mwezi uliopita, vita na Waholanzi haijaisha, halafu mtaani stori ni kwamba mfuko anaoushika Bab umeshameza pauni laki 6 mpaka 8 tangu vita ianze wakati enzi za King James, babu yake Charles, ilikuwa 5,000 tu kwa mwaka. Na yeye huyohuyo akanukuliwa akisema pauni 300 kwa mwaka zinamtosha bwana yeyote wa shamba. Sasa hapo kura utaombaje jamani?

Mimi kinachonichekesha zaidi ni ya Agosti 1667. Waziri mkubwa Clarendon ndio anang'olewa, katoka kuongea na mfalme anakatiza bustanini Whitehall, akiinua macho anaona dirisha liko wazi, yuko Lady Castlemaine hawara wa mfalme, yuko Lord Arlington, waziri mwingine, na Bab May, wote watatu wanachungulia wanamfurahia mzee wa watu anavyoondoka. Hii kaiandika Clarendon mwenyewe (na alikuwa hampendi Bab hata kidogo, usisahau). Baadaye ikasemwa kwamba mzee aliponyang'anywa muhuri wa uwaziri Bab alimpigia mfalme magoti, akamkumbatia miguu, akamwambia leo ndio mara ya kwanza naweza kukuita mfalme wa Uingereza.

Bungeni aliingia hatimaye, 1670 kwa jimbo la Midhurst, akakaa mpaka 1679, halafu tena Thetford 1690. Kafariki 1697. Kichochoro chako kimepata jina kwa sababu alikuwa kwenye ule mradi wa viwanja vya St James's wa Earl of St Albans, yule Jermyn wa hiyo Jermyn Street yako.

SWALI: Mhariri, nimesoma mahali kisa cha Winchelsea kimetoka kwa Samuel Pepys. Huyo alikuwa mwandishi wa habari? Alikuwepo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana kaka, alikuwa mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini, anaandika shajara yake mwenyewe kwa hati mkato, 1660 mpaka 1669. Winchelsea hakuwepo, alihadithiwa London, na ile ya kupiga magoti ni hivyohivyo, kasimuliwa. Kwahiyo maneno yenyewe yachukulie kama umbea wa ofisini, umbea wa mtu makini lakini. Kushindwa kwenyewe hakuna ubishi.